Hesabu ya Langoni

Ukitaka kumtesa Kiponda Lewa, mpe kiti. Hata kiwe kiti cha mito, cha kukaribishia wakwe, atakalia ukingo wake dakika mbili, kisha atainuka kuchungulia nje kana kwamba kuna mtu amemwita. Kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mhubiri akifika kwenye "jambo la tatu na la mwisho", Kiponda huwa yuko uani zamani, anakagua paa. Majirani zake wa Kiembeni humwona jioni akizunguka nyumba na simu sikioni, mizunguko kumi kwa mazungumzo ya dakika tano. Mkewe Winfred, Mkamba aliyelelewa Magongo, alikwisha kukata tamaa ya kumwona akila sahani nzima mezani. Siku hizi humwekea nyama yake kwenye kibakuli juu ya friji, aichukue akipita.

Mahali pekee ambapo Kiponda hutulia ni juu. Umwone mita arobaini kutoka ardhini, amejifunga mkanda wa usalama kwenye chuma cha mnara wa simu, spana mkononi na upepo wa baharini ukimvuta shati. Hapo mtu huyo huyo anaweza kukaa saa tatu asitikise hata goti. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, na Mombasa bara yote, kuanzia Likoni mpaka Kisauni, hakuna mnara ambao hajaupanda, na mingine anaijua kuliko anavyowajua shemeji zake.

Kupanda alirithi. Baba yake, mzee Lewa, alikuwa mgema kule Kaloleni, mtu wa kupanda minazi ishirini asubuhi na ishirini jioni. Mgema ana utaratibu wake, maana akichanganya minazi, mmoja utagemwa mara mbili na mwingine utasahauliwa mpaka tembo lake lichachuke. Mzee Lewa alihesabu kuanzia langoni. Mnazi wa kwanza ni ule ulio karibu na lango la boma, kisha unafuata mkono wa kuume, unazunguka mpaka urudi ulikoanzia. Kiponda alifundishwa hesabu hiyo kabla hajafundishwa kusoma, na ikamkaa mwilini.

Alipokuja mjini akiwa na miaka ishirini na miwili, alianza kwa kubeba magunia kwenye maghala ya Changamwe. Siku moja kampuni fulani ilikuwa ikisimamisha mnara nyuma ya ghala, wakahitaji mtu wa kupandisha kamba hadi juu. Vijana wakatazamana. Kiponda akavua kandambili akapanda, akaifunga kamba, akashuka, akauliza kama kuna nyingine. Hakurudi tena kwenye magunia.

Zama zile mnara ulikuwa wa maneno tu. Mtu alipiga simu, akasalimu, akakata haraka kabla salio halijaisha. Sasa hivi watu hawasalimiani kwa simu, wanatazamana. Mama wa Chaani anaangalia mahubiri ya Nairobi akimenya viazi, mwanawe chumba cha pili anatazama mpira, na baba yuko kazini bandarini anatazama mambo ambayo hatutayataja hapa. Vyote hivyo vinapita kwenye mnara mmoja, na mitambo ya zamani ilikuwa imelemewa. Ilikuwa makabati makubwa chini ya mnara, yenye viyoyozi vyake na jenereta lake la kunywa dizeli, na kebo za shaba nene kama mkono wa mtoto zikipanda hadi kwenye antena.

Basi ikaja kazi ya kubadilisha. Makabati yanaondolewa, jenereta linaondolewa, kebo nene zinashushwa kuuzwa chuma chakavu. Mahali pake panafungwa visanduku vidogo juu kabisa, mgongoni mwa antena, na vinaunganishwa na chini kwa faiba nyembamba kama uzi wa kushonea magunia. Antena moja bapa inafanya kazi iliyofanywa na nne. Mnara unapitisha mambo mara nyingi zaidi, umeme unaotumika ni kidogo, na bando la wateja linashuka bei. Kila mtu anafurahi. Lakini gharama haishuki peke yake. Huwa inashuka na watu. Mkandarasi wa kina Kiponda alikuwa na vikosi sita vya wapandaji, vikabaki viwili, na mwezi huu msimamizi wao, Clifford, alikuwa ametangaza kwamba kazi ikiisha kitabaki kimoja tu kwa Pwani nzima. Mpandaji atakayepatikana na kosa kubwa atanyang'anywa kadi yake ya kupandia.

Kikosi cha Kiponda kilikuwa na watu watatu. Yeye alikuwa fundi mkuu. Morgan, kijana mkimya wa Mkomani, alikuwa mtu wa chini, mshika kamba. Wa tatu alikuwa Mbeyu.

Mbeyu alikuwa na miaka ishirini na minne, Mgiriama wa Kisauni, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kadi ya kupandia na mkandarasi huyo. Walipomleta, mafundi wengine walimkataa kwa visingizio vya kila aina. Kiponda akasema, "Mleteni kwangu. Mnazi haumuulizi mtu jinsia." Akamfundisha mwaka na nusu, akamfundisha kufunga fundo, kusoma upepo, kutotazama chini kwa kujionyesha. Mbeyu alimwita baba, na kila asubuhi alimwamkia kabla ya kugusa kitu chochote. Kwa wengine alijigamba kwamba hakuna fundi kama wake. Waswahili wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Kiponda, mwana wa mgema, aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakudhani ilimhusu.

Alhamisi moja walibadilisha mnara wa Magongo. Mnara huo uko nyuma ya safu ya maduka ya vipuri, ndani ya uzio wa mabati wenye lango la kijani linalotazama barabarani. Mnara una pande tatu, kila upande na antena zake, na karatasi ya kazi inasema wazi kwamba upande wa kwanza ni ule wa kaskazini, kisha unahesabu kwa kufuata mkono wa saa. Karatasi hiyo ilikuwa ndani ya pikapu, kwenye dashibodi, chini ya kofia ya Clifford. Ndipo ilipokuwa siku zote.

Kwa miaka ishirini na saba Kiponda hakuihitaji. Kebo za zamani zilivishwa utepe wa rangi, nyekundu, manjano, buluu, na kazi yake ilikuwa kurudisha nyekundu kwenye nyekundu. Kichwani mwake alihesabu kuanzia langoni kama alivyofundishwa, na rangi zilimlinda asijue kwamba hesabu yake si ya kampuni. Faiba mpya hazikuwa na rangi. Zilikuwa nyeusi zote, pacha wa mapacha.

"Mbeyu!" aliita kutoka juu.

"Abee, baba!"

"Lebo zako ziko tayari?"

"Ziko tayari. Nimezibandika kwenye mkono wa shati."

"Basi wa kwanza ndio huu," akamwambia alipomfikia, akigusa faiba ya upande wa lango. "Huu wa pili. Na ule pale wa tatu."

Mbeyu alibandua lebo moja moja, mwandiko wake mzuri wa shule, akazibandika alipoonyeshwa. Kisha akazipiga picha, kama kampuni inavyotaka, na picha zikaenda ofisini. Saa tisa mnara ukawashwa. Ofisini wakaona taa zote za kijani. Chini, mwenye duka la vipuri akafungua video kwenye simu yake, ikacheza bila kukwama, akapiga kelele za furaha na kuwanunulia soda wote watatu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Winfred alimburuta mumewe kwenda Magongo kumsalimia dada yake. Kiponda alikaa kwenye kochi la shemeji kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Kisha simu ikalia. Alikuwa binti yao Linda, muuguzi Voi, na Kiponda akashukuru Mungu, akatoka nje nayo.

Akaanza kutembea. Alifika kwenye kibanda cha kuuzia maji, simu ikakatika. Linda akapiga tena, Kiponda akatembea tena, na palepale kibandani ikakatika tena. Mara ya tatu alisimama tuli kwa makusudi, jambo la ajabu kwake, na sauti ya binti yake ikawa safi hata akamsikia akimeza mate. Akapiga hatua kumi. Ikakatika.

Alirudi uani. Watoto wa shemeji walikuwa wamejikunyata ukutani wanatazama mpira kwenye simu, na picha haikutetemeka hata kidogo. Aliyetulia alipata vizuri, na aliyetembea alikatwa. Kiponda aliinua macho kuutazama mnara juu ya mapaa, akautazama uzio, akalitazama lango la kijani. Akatafuta kaskazini. Kisha akahesabu, kwanza kwa hesabu ya kampuni, halafu kwa hesabu ya mzee Lewa, na hesabu hizo mbili hazikukutana.

Mambo ni rahisi kuyaeleza. Mtu anayetembea huku anaongea, mnara humkabidhi kwa mnara unaofuata njiani mwake. Lakini mnara wa Magongo, kwa lebo zile, haukujua tena kaskazini kwake ni wapi. Mtu alikuwa anaelekea bandarini, mnara ukadhani anaelekea Mikindani, ukamkabidhi kwa jirani asiyemwona kabisa. Pande zote tatu zilikuwa zimehamishwa nafasi moja, kwa mkono wake yeye.

"Baba Linda, mbona umekuwa hivyo?" Winfred aliuliza walipokuwa njiani kurudi.

"Jua," akasema Kiponda. Hapakuwa na jua.

Alisema moyoni kwamba angemwambia Clifford kesho yake asubuhi. Jumatatu Clifford alikuwa Likoni. Ndiyo kweli, Clifford ana simu, lakini Kiponda alijiambia kwamba jambo kama hilo haliambiwi mtu kwa simu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alijua kwamba kadi yake ikichukuliwa hakuna mkandarasi atakayempa nyingine, maana wanatafuta vijana wa kuwalipa nusu. Aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo kwenye mnara wowote, na woga huo wa ardhini hakujua namna ya kuushika.

Jumanne Clifford alikuja kazini kwao mwenyewe, na tableti mkononi.

"Mzee, kuna noma Magongo," alisema. Clifford alitoka Nakuru, alikuwa na miaka thelathini na tatu, hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na haraka. "Madereva wa trela wanalalamika, watu wa boda wanalalamika, kila mtu akisonga simu inakata. Ofisi wanadhani ni programu, wanajaribu kuirekebisha huko huko kwa kompyuta. Lakini mimi nimeangalia picha. Hebu cheki hii."

Akawaonyesha Kiponda na Mbeyu. Kwenye kioo palikuwa na mwandiko mzuri wa shule, moja, mbili, tatu.

"Hizi lebo haziendi na karatasi. Nani aliandika?"

"Mimi," alisema Mbeyu. "Nilikuwa nimeziandika kabla, nikazibandika kwenye shati. Labda nilipozibandua nilizichanganya."

Kiponda alikuwa amesimama kati yao. Alifungua kinywa. Clifford akageuka kwake, akamwekea mkono begani, akasema, "Wewe mzee hata usijisumbue, wewe tunakujua." Na Kiponda akakifunga kinywa chake.

Mbeyu akaambiwa asipande mpaka jambo lijulikane. Jumanne ya wiki ijayo, kama kompyuta zitakuwa zimeshindwa, wangepanda kurekebisha, na hapo Clifford angekuja na uamuzi wa ofisi.

Kesho yake, Jumatano, walikuwa na kazi Kiembeni. Mbeyu alibaki chini akikunja kebo kuukuu. Saa sita Kiponda aliposhuka, binti huyo alimfuata nyuma ya pikapu, akasimama mikono nyuma kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nimekuaibisha. Ulinipokea wakati wengine wananikataa, na mimi nimeharibu kazi yako. Usiku silali. Najaribu kukumbuka nilibandua ipi kwanza, na kila nikikumbuka naona nilifanya sawa. Sasa hata sijiamini. Jana nilifunga mlango wa nyumbani nikarudi mara tatu kuangalia kama nimeufunga."

Hapo palikuwa pahali pa kusema. Mtu mwingine yeyote angesema. Kiponda akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya mia, akamwita muuza soda aliyekuwa akipita.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Kila fundi hukosea. Kunywa hii, baridi."

Mbeyu akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru.

Tangu siku ile Kiponda hakutulia hata juu. Alhamisi alipanda mnara wa Kiembeni, akakaza nati ile ile mara nne, akashuka nusu, akapanda tena. Ijumaa spana ilimponyoka, ya kwanza katika miaka ishirini na saba, ikaanguka hatua moja kutoka kwa Morgan. Morgan aliiokota akaitazama, akamtazama fundi wake, akaitia kwenye begi la vifaa. Nyumbani alizunguka ua mpaka mwenye ploti akauliza kama anatafuta kitu. Kiponda alikuwa akijibizana na nafsi yake. Binti ni kijana, alijiambia, ana miaka thelathini mbele yake, atapata kazi nyingine. Kisha alijijibu kwamba mwanamke wa kwanza akifukuzwa kwa kuchanganya lebo, wa pili haitwi. Akajichukia kwa kulijua hilo na bado kunyamaza.

Jumamosi Winfred aliziba mlango kwa mwili wake.

"Leo hutoki," alisema. "Umenichosha. Umekuwa kama mtu aliyekanyaga siafu. Ni mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Nauliza mimi."

Kiponda akacheka bila kupenda, kisha kicheko kikamgeukia. Akamweleza yote, kuanzia langoni mpaka kwenye soda. Winfred alisikiliza akichambua kunde, na mikono yake haikusimama.

"Sasa unaniambia mimi," alisema alipomaliza. "Kwani Clifford ndiye mimi?"

"Wakinichukulia kadi, tutakula nini?"

"Tutakula hizi." Akainua ungo. "Niliolewa na kadi mimi? Mtoto wa watu hajiamini hata na kitasa cha mlango wake, na wewe unaniuliza habari ya kula."

Akamwachia mlango, na Kiponda, mlango ukiwa wazi, akashindwa kutoka. Akakaa chini sakafuni jikoni mpaka kunde zikaiva.

Hata hivyo hakwenda kwa Clifford Jumapili, wala Jumatatu. Tusimpambe. Alingoja mpaka kompyuta za ofisi ziseme neno la mwisho, akitumaini kwa siri kwamba zitapata namna ya kuyasahihisha mambo na kila mtu asahau. Hazikupata. Jumanne asubuhi wote walikutana chini ya mnara wa Magongo, ndani ya uzio wa mabati. Clifford alikuja na bahasha.

"Mbeyu, pole," alisema, na ilionekana kweli hakuipenda kazi hiyo. "Ofisi wanataka usaini hapa kwamba lebo ulizichanganya wewe. Na kadi yako naenda nayo."

Mbeyu alikuwa ameshaitoa kadi shingoni kabla hajaombwa. Aliishika mkononi, akatafuta kalamu.

"Usisaini," alisema Kiponda.

Wote wakageuka.

"Si yeye. Ni mimi. Nilimwonyesha vibaya, yeye akaandika alivyoambiwa."

Clifford akatabasamu kwa huruma. "Mzee, wallahi wewe ni mtu mzuri. Najua umemlea huyu. Lakini usijitoe kafara. Watu kama wewe wameisha."

"Clifford, sijitoi kafara. Nakwambia nilikosea."

"Miaka ishirini na saba hujakosea, ukosee leo?"

"Fundi wetu anataka kunisaidia tu," alisema Mbeyu kwa sauti ndogo, macho yamemjaa machozi. "Asante, baba. Lakini acha. Ni langu."

Hilo Kiponda hakulitarajia. Alikuwa ameogopa siku zote hizo kwamba atakaposema ataaminiwa, na sasa amesema, wanamsifu. Angeweza kunyamaza hapo hapo akabaki na kadi na sifa juu yake. Wazo hilo lilimpitia, tena lilimpitia polepole, na alilitazama likipita. Kisha alikwenda kwenye pikapu, akainua kofia ya Clifford kutoka kwenye dashibodi, akatoa karatasi ya kazi.

"Tazama," alisema, akiikunjua juu ya boneti. "Mtu akichanganya lebo tatu mkononi, atabadilisha mbili, ya tatu itabaki sawa. Au zitavurugika ovyo. Sasa hesabu hapa. Kaskazini wameandika tatu. Inayofuata wameandika moja. Inayofuata mbili. Zote zimehama kwa mpango, nafasi moja, kwa kufuata mkono wa saa. Huo si mkono uliochanganya. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyeanza pengine." Akaonyesha kwa kidole. "Ameanzia pale. Langoni. Sasa niulize ni nani hapa anahesabu kuanzia langoni."

Clifford alihesabu kwenye karatasi, akatazama juu, akatazama lango, akahesabu tena. Tabasamu lilimtoka taratibu.

"Baba yangu alihesabu minazi hivyo," alisema Kiponda. "Na mimi sijawahi kuisoma karatasi hii. Sijawahi, hata mnara mmoja."

Nje ya uzio trela ilikuwa ikipiga honi. Clifford alikunja ile bahasha mara mbili, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono, na Kiponda akaivua kadi yake na kumpa. Alishangaa kuona kwamba anapumua. Alimgeukia Mbeyu. Nadhani alitazamia jambo fulani usoni mwake, shukrani, au machozi ya namna nyingine.

Mbeyu alikuwa akimtazama mikono.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Nini?"

"Kwamba ni hesabu yako. Ulijua lini, baba?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana. "Jumapili," alisema.

"Juzi?"

"Ile nyingine."

Mbeyu alihesabu kwa vidole, bila kuinua macho. Vidole vikapita mkono mmoja vikaingia wa pili.

"Siku tisa," alisema. "Jumatano nilikuja kukuomba radhi nyuma ya gari."

"Ndiyo."

"Ukanisamehe."

Kiponda akaitazama karatasi juu ya boneti.

"Ukaninunulia soda," alisema Mbeyu, "nami nikakushukuru."

Hakulia. Machozi yaliyokuwa machoni aliyafuta kwa kiwiko, yote, kama mtu anayefuta meza. Alijivika kadi yake shingoni. Akaichukua karatasi pale juu ya boneti, akaisoma yote mstari kwa mstari, akaikunja na kuitia kifuani. Kisha akachukua mkanda wa usalama, akajifunga, akavuta kila kamba mara mbili.

"Nani atashika kamba yangu?" alimuuliza Clifford.

Clifford alitazama huku na huku. "Morgan lazima akae na laptopu awasiliane na ofisi. Mzee hawezi kupanda tena, lakini chini anaweza. Yeye atashika."

Kiponda alikuwa ameshaipitisha kamba kwenye kapi na kuifunga, haraka, kwa mikono iliyofanya hivyo maelfu ya mara. Alimwekea ncha tayari. Mbeyu aliitazama ile ncha lakini hakuigusa.

"Sawa," alisema. "Ila Morgan aikague kwanza."

Morgan aliinama, akalikagua kila fundo, akilivuta na kuligeuza, na Kiponda akasimama pembeni mikono ikining'inia, akitazama kijana wa miaka ishirini na mitano akikagua mafundo aliyomfundisha mwenyewe. Ilichukua muda mrefu. Hakukuwa na kosa hata moja. Mbeyu alingoja mpaka Morgan aliposema hivyo kwa kinywa chake, ndipo akashika chuma na kuanza kupanda.